Mbu wa Asteria

Soko la Shinyanga lilifurika asubuhi ile. Asteria, ndani ya dera la rangi ya chungwa, alikuwa akipima mchele wakati kijana mmoja alipoinama mbele ya gunia lake.

"Dada, naomba mbu."

"Hapa nauza mchele, kaka. Mbu nagawa bure, wafuate kijijini kwetu Didia."

Kijana akacheka. Aliitwa Mihayo, mtafiti wa malaria. Akamweleza kwamba mwananchi yeyote mwenye simu anaweza kumnasa mbu kwenye glasi, kurekodi mlio wa mabawa yake na kuutuma. Kwa mlio huo, watafiti huitambua aina yake. Asteria, aliyemzika mdogo wake kwa malaria, hakuhitaji kubembelezwa.

Akawa anatuma mbu, anarudishiwa salamu. Salamu zikageuka simu za kila jioni.

"Malkia wa mbu, umekula?"

"Nimekula, mpenzi. Hebu nyamaza, kuna mmoja anapita."

Kisha, ghafla, kimya. Mihayo hakupokea simu tena. Asteria alipotuma mbu, alijibiwa: "Asante kwa mchango wako, mwananchi."

Akavumilia wiki nzima. Siku ya nane akavaa kitenge chake kipya, akamfuata ofisini.

"Mimi leo mwananchi?"

Mihayo akatafuta rekodi ya mwisho aliyotumiwa na Asteria. Akabonyeza simu yake. Mbu akalia, na nyuma yake mwanamume akakoroma kwa raha zote.

"Mumeo anachoka sana," akasema, akitazama meza.

"Huyo ni babu yangu, Mzee Ndaki. Mbu wanampenda kuliko sisi wote, ndiyo maana narekodia chumbani kwake." Asteria akaisogelea meza. "Wewe mtafiti gani? Umesikia kitu kimoja, ukatoa majibu. Ungeuliza."

"Niliogopa jibu."

"Na mimi nimelia kwa ajili ya woga wako."

Akatoka. Mihayo akamkimbilia hadi stendi, shati limemlowa jasho.

"Nisamehe, Asteria. Nipeleke nikamwombe babu radhi."

"Radhi tu?"

"Na wewe. Nikuombe na wewe."

Kule Didia, Mzee Ndaki alimsikiliza hadi mwisho, hakutabasamu.

"Ng'wanawane, mwanangu, mke haombwi na mtu aliyekuja peke yake. Wazee wako wako wapi?"

Mihayo akatoa simu palepale.

"Shikamoo, baba mkubwa. Jumamosi usipange kitu. Tunakuja Didia, na uvae koti."

Asteria akaingia jikoni upesi kubandika chai, wasimwone anavyocheka.