Nilimwiga Staa wa Kitamil, Nikadai Talaka

Nina miaka arobaini na moja, Mtanzania, naishi kwa dada yangu Alief, Houston. Zamani nilikuwa mke wa mtu kule Carrollton, upande wa Dallas, mwendo wa saa nne kwa gari. Wasomaji wenzangu, sikuachwa... niliomba mwenyewe!

Nilikuwa nahudumia bibi mmoja Mtamil, Mhindi wa kusini, katika mji jirani wa Richardson. Mchana kutwa tulitazama filamu za kwao za zamani, mimi nikisoma maandishi ya chini. Staa wake alikuwa dada mmoja wa macho makubwa, kila filamu yeye ndiye mpenzi. Akinuna, anamfukuza mwanamume. Jamaa haondoki! Anabembeleza, anaimba, analowa mvua mpaka mwanamke alainike.

Nikirudi nyumbani namkuta Baba Rahma anapasha wali. Mume wangu hakujua kuimba. Alijua kukwangua barafu kwenye kioo cha gari langu kabla sijaamka. Nami, mjinga mimi, nikaona hanipendi...

Siku aliyosahau tarehe ya ndoa yetu, nikamwambia anipe talaka yangu. Nilitaka akatae tu! Aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Nikageuza uso, kama yule staa. Akanipa talaka moja. Nikamchukua binti yetu Rahma, tukaja Alief.

Ndani ya eda, ile miezi mitatu ya kungoja, angeweza kunirejea bila kufunga ndoa upya. Kila Ijumaa alipiga simu.

"Mama Rahma, nije niwachukue?"

"Usije."

Nakata simu, kisha nakaa dirishani nikisikiliza kama gari lake limefika. Nani alinituma, jamani?

Ijumaa ya mwisho alisema, "Basi, mama. Sitaki ku-force. Nisamehe nilipokukosea." Eda ikaisha. Baadaye Rahma alipotoka kumtembelea akaniambia kuwa baba yake alikuwa akijaza tangi la mafuta kila Ijumaa kabla ya kunipigia.

Nilipompigia yule bibi na kumsimulia, alisema staa wake alikuwa akilipwa kununa. Mimi nililipwa na nani?

Mwezi uliopita Baba Rahma alioa. Gauni alilovaa Rahma harusini nililipiga pasi mimi, machozi yakinidondoka. Mtoto akanitazama. "Mom, why didn't you just tell him to come?" Kwa nini sikumwambia tu aje?

Dada zangu, nawasihi! Msimpime mume kwa talaka. Ukitaka kubembelezwa, mwambie akubembeleze, hata ukiona haya. Mimi niliona haya, nikamfukuza mtu aliyekuwa tayari njiani kunifuata... na hakuwa na kosa lolote.