Bei Iko Picha ya Kumi

—Huyu Kitsao ni nani?

Kofi lilitangulia jibu. Ummulkheir alijikuta sakafuni katikati ya majora ya vitambaa, mdomo umejaa damu.

—Mpiga picha, Sufyan! Si wewe mwenyewe uliyemleta dukani?

—Mpiga picha gani wa kukuandikia "kazi nzuri dada"?

Sufyan akachukua mti wa kutundikia pazia, akamchapa nao begani mara mbili. Mara ya tatu ukavunjika. Na huyu ndiye aliyelia machozi siku ya nikaha yao, mwaka na nusu tu uliopita, akawaambia watu kwamba Mungu amempa nuru. Nuru gani ya kupigwa miti!

—Amka ukaoshe uso. Idi ni wiki ijayo na posti ya mapazia haijatoka. Iweke, kisha simu ni yangu na mlango naufunga. Leo nakuua, wallahi.

Duka lao la Magongo lilikuwa na chumba cha nyuma, na ndimo walimokaa. Ummulkheir aliingia bafuni, akajitazama. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kabisa. Akajipiga picha moja, upesi.

Posti zilikuwa kazi yake. Picha kumi kila mara, mteja azisukume kwa kidole moja baada ya nyingine: pazia likiwa dirishani, kitambaa kwa karibu, rangi, pindo. Bei aliiweka ya kumi makusudi, maana alijua mwanamke akishapenda pazia haondoki bila kujua bei. Sufyan alimcheka kwa hilo. Yeye hakuwahi kupita ya kwanza.

—Nionyeshe.

Alimshikia simu. Pazia la zambarau, nyuzi za dhahabu.

—Zuri. Weka.

Akaiweka. Sufyan akampokonya simu, akaitia mfukoni mwa kanzu.

Haikupita nusu saa simu ikaanza kulia mfululizo.

—Unasikia? Wateja hao! Ningekuachia, ungekuwa unaongea na Kitsao wako.

Ummulkheir alijikunyata pembeni, roho i mkononi. Ya Rabbi, asisukume.

Sufyan aliitoa simu akasoma kwa sauti:

—"Usifute mwanangu. Tuko njiani." Nani huyu Mwanarehema?

—Mteja. Tulimshonea mapazia ya sebuleni.

—Usifute nini?

Kidole cha Sufyan kikaanza kusukuma. Kitambaa. Rangi. Pindo. Ummulkheir alihesabu naye kimoyomoyo. Nane. Tisa.

Ya kumi ilikuwa uso wake, na chini yake maandishi: "Leo bei ni hii. Nimefungiwa nyuma ya duka. Njooni kabla hajaniua."

—Umeniuza, mshenzi wewe!

Alimrukia, akamkaba koo kwa mikono miwili. Ummulkheir aliona giza. Alipapasa sakafuni, akapata kile kipande cha mti, akamchoma nacho pajani kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Sufyan akapiga yowe, akamwachia.

—Fungua, ama twavunja!

Hawakungoja kufunguliwa. Mlango ulianguka ndani, na Mwanarehema akaingia juu yake, buibui kalifunga kiunoni, mchi mkononi. Nyuma yake wanawake kumi na kitu, wateja wa duka wote, na Roseline, mteja wa ofisi za bandarini, ameshika kiatu chake. Walimpiga Sufyan hadi akajificha nyuma ya majora, analia.

—Mtoeni hapo! Polisi nishawapigia, alisema Roseline.

—Ummul, mke wangu! Nakupenda, wallahi! Ifute hiyo posti, usiniaibishe.

Ummulkheir alisimama kwa taabu, amejishika bega.

—Hata mimi nilikupenda, Sufyan. Mpaka jana nilikupenda. Niache.

—Mbele ya watu hawa?

—Mbele ya hawa hawa.

Mwanarehema aliinua mchi.

—Nimekuacha! Talaka moja, nimekuacha! Haya, ifute sasa.

—Sikukuahidi.

Polisi walimwondoa akichechemea, kanzu imelowa damu. Mwanarehema alimfuta Ummulkheir uso kwa leso yake.

—Twende kwangu, mwanangu. Ukikaa eda, ukae mahali unapolala usingizi.

—Haya, mama. Ila ile simu, mliichukua?

—Hii hapa. Wataka kuifuta posti?

—Hapana. Nataka kuona kama ingalipo.

Mpaka leo ingalipo. Ukikutana nayo, usiishie kwenye lile pazia zuri la mbele.