Kufuli la Chiriku

Kila alasiri Chiriku alirudi kutoka shule, akabadili nguo, akafagia maranda katika karakana ya baba yake, seremala. Waliomwita Chiriku hawakukosea, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini juma hilo alikuwa kimya, akimchunga rafiki yake Kijiti, waliyekuwa wakibishana, kama paka anayechunga panya.

Wawili hao walikuwa wakitengeneza kitambuzi cha msumeno wa umeme: koili ya waya wa shaba iliyounganishwa na kapasita, kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme. Kinga ya chuma ikishuka juu ya meno ya msumeno, koili huihisi, na taa ya kijani huwaka kuonyesha kuwa ni salama. Baba alikwisha kupoteza ncha ya kidole, na Chiriku aliogopa asije akapoteza kingine.

Walijaribu kapasita mbili mezani kwa shangazi, fundi wa redio. Kijiti alitaka ile kubwa, Chiriku ile ndogo. Ndogo ikashinda kwa kuwasha taa upesi zaidi. Wakarekebisha kiwango cha kuwashia taa, kazi ikaisha.

"Haya, umeshinda wewe," Kijiti alisema, amenuna.

Maneno hayo yakamkaa Chiriku rohoni. Je, Kijiti akija kuibadilisha kapasita kwa siri? Basi akakitia kitambuzi ndani ya kopo la biskuti, taa tu ikichungulia nje, akapiga kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Kesho yake, shangazi naye akiwepo karakana, kikafungwa kwenye msumeno kikiwa humo humo.

Baba akashusha kinga, akawasha kitambuzi, taa ikawaka. Akaiinua, taa ikaendelea kuwaka!

"Ningeiamini taa hii, mkono ungekwenda," baba alisema.

"Ni huyu!" Chiriku akamnyooshea Kijiti kidole. "Amebadilisha kapasita!"

"Mimi? Ufunguo si unao wewe?"

"Hukosi mbinu wewe!"

Machozi yakamlengalenga Kijiti. Akachukua mkoba wake aende zake.

"Ngoja kwanza, mwanangu," shangazi alimzuia. "Chiriku, fungua."

Kapasita ilikuwa ile ile. Shangazi akakitoa kitambuzi kwenye kopo, akakishika pale pale kwenye msumeno. Taa ikazima. Akakirudisha ndani, ikawaka.

Chiriku akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. "Kopo ni chuma," alinong'ona. "Koili inadhani ni kinga."

"Ndiyo hivyo. Mlipima kikiwa wazi, kisha ukakifungia ndani ya bati. Aliyekiharibu ni nani?"

"Ni mimi. Nisamehe, Kijiti, nimekusingizia."

Kijiti akavuta kamasi, akatoa mkobani chombo chake cha plastiki cha chakula. "Tumia hiki. Lakini tupime upya hapa hapa, na ile kubwa nayo tuijaribu."

Wakakihamishia humo. Msumeno ulipozunguka, kwa kapasita ndogo taa ikapepesa. Kwa ile kubwa ikatulia, ikawaka na kuzima kama ilivyotakiwa. Chiriku akauvua ufunguo shingoni.

Baba akainua kidole chake kifupi. "Binti yangu, dhana si ushahidi. Pima kwanza, ndipo umnyooshee mwenzio kidole. Vidole ni vya kutunza, mimi ndiye ninayejua."