Machozi ya Mzee Antoine

Verna alitupa machozi ya baba yake jalalani.

Hakukusudia. Siku hiyo kijiji kilikuwa kinamkumbuka marehemu Jaji Ogemah, mwana wao, aliyezunguka nchi nzima akiwasikiliza wenyeji wa asili waliochukuliwa utotoni kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao na kufungiwa katika shule za bweni za serikali. Ukumbini watu walisimama mmoja mmoja, wakasema waliyotendwa. Mzee Antoine, baba yake Verna, alisimama pia. Naye alifungiwa katika mojawapo ya shule hizo, na tangu atoke hakuwahi kuitaja. Verna hakumsikia. Alikuwa jikoni, anakaanga mikate.

Watu walipotoka, akafagia. Karatasi laini walizofutia machozi alizitia mfuko mmoja na mabaki ya chakula. Lori la taka likapita, likauchukua.

Garnet, mlinzi wa moto mtakatifu uliowashwa nje ya ukumbi, akaingia na kikapu kitupu. Akaitazama sakafu inavyong'aa.

"Umesafisha kama mkwe mgeni," akasema. "Machozi yako wapi?"

"Machozi gani, mjomba?"

Garnet akaacha utani. Akamweleza kwamba popote Jaji alipoketi kusikiliza, hakuruhusu karatasi yenye chozi itupwe. Zilikusanywa kikapuni, zikatiwa motoni, na moshi ukayapeleka machozi kwa watoto ambao hawakurudi.

"Sheria aliijua sana," alisema Garnet. "Lakini mahakama haina pa kuweka chozi. Sisi tunapo."

Verna akawasha gari, akaenda jalalani mbio. Tingatinga lilikuwa limeshafukia kila kitu. Akarudi na wazo la kulowanisha karatasi nyingine kwa maji, mambo yaishe. Garnet akakataa katakata. Akamwambia achukue tumbaku, aiweke mkononi mwa baba yake, kama ilivyo desturi ya kumwomba mzee jambo, aseme ukweli, kisha amwombe asimulie tena. Yeye Garnet angeuchochea moto mpaka waje.

Mzee Antoine alikuwa amelala, amegeukia ukuta. Verna akamwekea tumbaku kiganjani, akakiri, akaomba. Mzee akaifumbata tumbaku.

"Niliapa kulisema jambo lile mara moja tu."

"Najua, baba. Ukikataa sitakulaumu."

"Wewe ulinisikia?"

"Sikukusikia. Nilikuwa jikoni."

"Basi kaa."

Akamsimulia habari za Baptiste, mdogo wake wa miaka saba, aliyekohoa majira yote ya baridi kule shuleni, kwenye kitanda kilichokuwa kando ya chake. Asubuhi moja kitanda kilikuwa kimetandikwa, mtoto hayupo. Kaburi hawakuonyeshwa. Verna akalia pamoja naye. Karatasi zao zikaingia kikapu kimoja, kisha motoni, kabla jua halijazama.

Siku hizi, kila watu wanapokutana kusema, vikapu hupangwa kabla ya viti. Na mtu akisimama, wa jikoni huacha sufuria, wakaja kusikiliza.

Kosa lile liligharimu kiganja cha tumbaku, mzigo mmoja wa kuni, na mzee wa miaka sabini na tisa kumpoteza mdogo wake mara mbili siku moja.