Pumzi ya Gari la Shemeji

Aliyeniambia kwanza ni mshonaji wa nyumba ya pili. Cherehani yake iko dirishani, kwa hiyo hakimpiti kitu.

"Mama, mwanao hukohoa gari la shemeji yako likiwaka," aliniambia pembeni. "Likizimwa, anapoa. Siku ya nne leo naangalia."

Nilicheka kwa adabu. Sipendi kubishana na watu. Lakini hata mimi nilikuwa nimeliona jambo hilo, nikajifanya sijaliona.

Shemeji ni mdogo wa mume wangu, dereva wa teksi. Mwanamume wa miaka thelathini anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Anakula kwetu, analala kwetu, halafu anatangaza mtaani kwamba yeye ndiye anayetulea. Mume wangu alisafiri kikazi, na tangu hapo huyu bwana akajivika ukubwa wa nyumba. Ukubwa wenyewe ulikuwa kupiga kelele chai ikichelewa.

Jioni ile alinipigia simu.

"Shemeji, niletee dumu la maji hapa gereji. Gari linasumbua. Na mtoto mlete, apunge upepo."

Upepo wa gereji! Nilimbeba mwanangu mgongoni, miezi saba tu, nikaenda. Kiza kilikuwa kinaanza kuingia. Nilipofika, nikaona bomba la maji ukutani, linadondoka tone... tone... tone...

Sasa dumu la nini?

Fundi wa gereji, wanayemwita Nyundo, alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari, kiganja karibu na bomba la moshi.

"Bosi, moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe, maji yameingia kwenye injini. Huu wako mweusi tii. Gari linakosa hewa. Nifungue chujio la hewa."

"Ni plagi," shemeji akasema. Hajui plagi inakaa wapi, huyo.

"Plagi nimebadilisha."

"Badilisha tena."

"Unaogopa nini kwenye chujio? Umeficha mchumba?"

Shemeji hakucheka. Aliniona, akavua miwani yake. Hakutazama dumu. Alitazama mgongo wangu.

"Liwashe sasa," akamwambia fundi kwa sauti ya chini. "Sasa litakubali."

Nyundo akawasha.

Gari lililokuwa likisumbua tangu mchana likaunguruma mara moja, laini kabisa. Kisha nikasikia harufu. Si petroli. Si oili. Maziwa... maziwa yangu, yakiungua. Kifua changu kikalowa, kama kinavyolowa mwanangu anapolia.

Lakini mwanangu hakuwa akilia.

Mgongoni kulikuwa kimya.

Nilimzungusha mbele. Mdomo wazi, macho wazi, kifua hakipandi. Na injini ikavuta hewa... hhhh... ikatoa... hhhh... kama mtoto anayenyonya usingizini.

"Zima!" Sikujua kwamba nina sauti kubwa hivyo.

"Nimezima, mama," Nyundo akanong'ona.

Akaninyooshea mkono. Ufunguo ulikuwa kiganjani mwake.

Injini ilikuwa bado inanguruma.

Nyundo alirukia boneti akiwa na spana. Shemeji akamshika mkono. "Usitoe! Ukitoa, abiria hawaji tena!"

Abiria. Mwanangu anageuka rangi ya jivu, na yeye analilia abiria.

Nilimsukuma, mimi ambaye hata salamu namwitikia nikiangalia chini. Akaanguka kwenye dimbwi la oili kwa urahisi wa kuchekesha. Nyundo akang'oa kifuniko cha chujio. Nikatia mkono ndani, nikashika kitu laini, chenye joto, kinachopanda na kushuka.

Kilikuwa kofia ya mwanangu. Imefungwa kwa uzi mweusi.

Nikaivuta.

Injini ikazimika. Mwanangu akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

"Mganga alisema pumzi kidogo tu," shemeji akalalamika pale chini, suruali imelowa. "Kidogo tu, shemeji. Haingepungua."

"Kwa nini hukuweka kofia yako?" nikamwuliza.

Akapapasa dimbwi la oili akitafuta miwani yake.

Nyundo alikuwa akitazama mdomo wa chujio. "Nguo iliyoziba hewa naielewa," akasema polepole. "Hilo la ufunguo silielewi. Bosi, mganga alikwambia kofia ikitolewa itakuwaje?"

Shemeji akafungua mdomo ajibu. Akaanza kukohoa.

Usiku kucha mwanangu alilala vizuri. Mimi nilikaa macho, kiganja kifuani mwake.

Asubuhi nilifungasha nguo zetu nikamfunga mwanangu mgongoni, tuende kwa mama yangu. Gari lilikuwa kule gereji, boneti wazi. Lakini nilipopita mlango wa shemeji nikasikia stata ya gari humo ndani. Ikagoma. Ikagoma tena. Mara ya tatu ikawaka, na kikohozi kikatoka chumbani mfululizo. Chini ya mlango, moshi mweusi ulikuwa unatambaa.

"Shemeji..." akanong'ona. "Mtoto... mlete kidogo tu..."

"Mwite mganga wako," nikamjibu.

Nikatoka, na mlango wa nje nikaufunga kwa ufunguo.