Mke Aliyeitwa Dada

Ilikuwa Jumapili, tarehe 16 Novemba, saa nane na nusu mchana. Mvua ilikuwa ikinyesha Durban tangu alfajiri, na upepo wa baharini uliirusha kwenye madirisha ya South Beach. Katika nyumba moja ya ghorofa ya tisa, Immaculée alisimama sebuleni akitazama godoro.

Lilikuwa godoro jembamba la sponji ambalo siku zote lilikaa chini ya kitanda chao. Asubuhi hiyo Désiré alikuwa amelileta sebuleni, akalitandika kando ya televisheni, akaweka mto mmoja na blanketi lililokunjwa vizuri. Alisema mgongo unamsumbua. Alisema pia kwamba watu watatu wa kazini watakuja kuwasalimia, hivyo apike kitu. Immaculée alipika sombe ya majani ya muhogo na samaki bila kuuliza.

Désiré alikuwa bafuni simu yake ilipolia juu ya meza. Ujumbe ulionekana wote:

"Shemeji mtarajiwa, tumetoka Clairwood sasa. Niko na dada yangu Antoinette na Mzee Ciza. Asante kwa neno lako la Guilin. Leo tunaleta chupa."

Aliyeandika alikuwa Arnaud. Immaculée alisoma mara mbili, kisha akatazama tena godoro. Aliketi.

Désiré alitoka akifunga vifungo vya shati jeupe.

"Neno lako la Guilin ni neno gani?" aliuliza Immaculée.

"Umesoma simu yangu?"

"Nimesoma. Neno gani?"

Désiré alivuta kiti, lakini hakukikalia.

"Tulikuwa kwenye boti, kule China. Arnaud aliuliza kama uko na mtu. Nilisema hapana."

"Halafu?"

"Akauliza kama anaweza kuja nyumbani na wazee. Nilisema mlango uko wazi. Imma, yale yalikuwa maneno ya safari. Nilifikiri tukirudi atasahau."

"Tulirudi. Wiki mbili baadaye akakupa kazi ya usimamizi kwenye ghala lake. Ukaikubali."

"Kazi ni kazi."

"Na godoro?"

Désiré alizungumza kuhusu faili lao la ukimbizi. Mwezi wa pili wangeitwa kwa ajili ya karatasi za ukaazi wa kudumu, baada ya miaka kumi na moja ya kungoja. Leo wakikiri kwamba walidanganya siku ya kwanza, wanarudi sifuri, na huenda wakafukuzwa. Arnaud anajuana na watu wengi. Neno likitoka kwake litafika mbali.

"Wewe utakataa tu," alisema. "Ni rahisi. Utakataa, watabeba chupa yao, yameisha."

"Rahisi kwa nani, Désiré?"

Uongo wenyewe ulizaliwa kwenye foleni. Mwaka 2014 walifika Durban wakitoka Uvira, wamefunga ndoa kwa mchungaji mwaka mmoja kabla, na cheti chao kilipotea njiani pamoja na begi. Mbele ya ofisi ya wakimbizi, mtu wasiyemjua aliwaambia kwamba wasio na cheti cha ndoa hupewa faili mbili tofauti, na huenda wakapelekwa miji tofauti. Kaka na dada, alisema, huandikwa faili moja. Walikuwa wamechoka na waliogopa kutenganishwa. Dirishani Désiré alisema, "Huyu ni dada yangu." Karani aliandika alichoambiwa. Walikubaliana kwamba watasahihisha baadaye.

Baadaye haikufika. Walijifunza kusali kwenye kanisa la Kiingereza na kukwepa misiba na harusi za Wakongo, ambako maswali ni mengi. Mwaka 2019 Immaculée alijifungua mtoto wa kiume aliyeishi siku nne. Kwenye cheti cha mtoto, nafasi ya baba ilibaki tupu. Désiré alisimama kwenye korido ya hospitali kama mjomba wa marehemu, na watu walimpa pole ya mjomba.

Safari ya China ilikuwa wazo la Immaculée. Alikuwa ameona tangazo katikati ya jiji, karibu na saluni anakosuka nywele: ziara ya wapenzi, siku kumi na moja, pamoja na kiongozi wa watalii. Aliweka akiba miaka mitatu.

"Huko hakuna anayetujua," alimwambia Désiré. "Nitakuwa mke wako siku kumi na moja. Basi. Siombi zaidi."

Mhudumu wa wakala alijaza orodha kutoka kwenye hati zao za kusafiria na faili lao. Alipofika kwenye uhusiano aliandika kaka na dada, akaeleza kwa upole kwamba ziara ni ya wapenzi lakini ndugu wanaruhusiwa, vyumba vitakuwa tofauti. Immaculée alimtazama Désiré. Désiré aliomba kalamu, akatia sahihi.

Kwenye uwanja wa ndege wa Beijing walipokewa na kiongozi wao, Bi Lin, mwanamke mwembamba mwenye bendera ya njano na sauti isiyochoka. Alimvalisha kila msafiri kadi shingoni: utepe mwekundu kwa walio wawili, utepe wa buluu kwa wasio na mwenzi. Kati ya watu kumi na wanne waliotoka Durban, kumi walipata mwekundu. Wanne walipata wa buluu: Immaculée, Désiré, Arnaud na dada yake Antoinette. Arnaud alikuwa mgane mwenye malori manne ya kubeba makontena kutoka bandarini. Antoinette alikuwa amemlazimisha kusafiri ili aache kukaa nyumbani na picha ya marehemu mkewe.

Kwenye Ukuta Mkuu, Bi Lin aliwapanga wenye utepe mwekundu wawili wawili kwa ajili ya picha. Immaculée alishikishwa simu zao, akawapiga picha wote. Ngazi zilikuwa kali na kiatu kilimchubua kisigino. Arnaud aliona, akatoa plasta mfukoni, akambebea begi hadi mnara wa pili. Désiré alikuwa ngazi ishirini mbele, akitunza umbali.

Xi'an, mbele ya safu za askari wa udongo, Antoinette alisema kwamba hajawahi kuona wanaume wengi hivyo mahali pamoja na hakuna hata mmoja anayemwuliza namba ya simu. Kundi zima lilicheka. Immaculée alicheka pia, na jioni, akiwa katika chumba alichogawana na Antoinette, alimwandikia Désiré:

"Toka koridoni dakika moja. Nataka kukushika mkono tu."

Jibu lilikuja haraka:

"Hapana. Antoinette anaweza kuona. Vumilia."

Siku ya nane walipanda boti kwenye mto wa Guilin. Vilima vilisimama pande zote mbili, ukungu ukivikata katikati, na mvua nyepesi ikaanza. Arnaud alimfunika Immaculée kwa koti lake. Kisha alikwenda nyuma ya boti alikosimama Désiré, na wanaume hao wawili walizungumza kwa dakika kumi. Immaculée aliwaona wakishikana mikono. Alidhani wanazungumza kuhusu malori.

Sasa mlango uligongwa.

Lifti ya jengo ilikuwa mbovu tangu Alhamisi. Mzee Ciza, msemaji wa familia, aliingia akihema, koti limelowa, akashika kiti kwa mikono miwili.

"Kijana," alimwambia Désiré, "ungetuambia binti anakaa mbinguni. Tungekuja na kamba."

"Karibuni, mzee. Samahani kwa ngazi."

"Eish, ngazi si kitu. Niko nahesabu magoti tu, kama bado yako mawili."

Arnaud alivaa suti ya kijivu. Alimsalimia Immaculée kwa kuinamisha kichwa na kumwuliza kama kisigino kilipona. Alisema kilipona. Antoinette aliketi karibu na godoro, akalitazama, akalisogeza kidogo kwa ncha ya kiatu. Shuka lilikuwa bado na mikunjo ya kabatini; hakuna aliyekuwa amelilalia.

Walikula. Mzee Ciza alisifu sombe. Alieleza kwa mpangilio ujumbe wao ni nini: Arnaud ameona, amependa, amemwomba kaka ruhusa, na kaka hakumfungia mlango. Kisha alitoa chupa kwenye mfuko wa karatasi, akaiweka katikati ya meza.

"Kwetu," alisema, "chupa hii haifunguliwi na mgeni wala mwenye nyumba. Kaka anamwuliza dada yake mbele yetu: tunywe au tusinywe? Anauliza mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza mtu ana haya, mara ya pili anafikiri, mara ya tatu anajua. Akikataa, tunaibeba, na hakuna uadui. Désiré, ni kazi yako."

Désiré alisafisha koo. Alimtazama Immaculée kwa macho ya mtu anayeomba.

"Immaculée. Tunywe?"

"Anayeniuliza ni nani?" alisema Immaculée.

Mzee Ciza alitabasamu. Alidhani ni haya.

"Ni mimi," alisema Désiré.

"Wewe nani kwangu? Sema, halafu nitajibu."

Mvua ilisikika kwenye kioo. Désiré alifuta viganja kwenye suruali.

"Mara ya pili," alisema Mzee Ciza kwa upole.

"Tunywe, Immaculée?"

"Hujajibu. Niko nangoja. Ukiniita ninavyostahili kuitwa, hata kwa sauti ndogo, nitabeba mengine yote mimi mwenyewe. Ofisi, faili, yote. Sema neno moja."

Arnaud aliweka glasi yake chini. Antoinette aliacha kutafuna.

Désiré alitazama chupa, kisha mlango, kisha mikono yake. Alipofungua mdomo, sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu aliyesimama dirishani mbele ya karani.

"Dada yangu," alisema, "tunywe?"

Immaculée aliinuka, akachukua chupa kwa mikono miwili, akampa Arnaud.

"Nisamehe," alimwambia. "Huyu ni mume wangu. Tulifunga ndoa Uvira mwaka 2013. Tulizaa mtoto na tukamzika hapa Durban. Wewe hukukosea lolote. Ulidanganywa, na mimi niliunyamazia uongo huo."

Arnaud alimgeukia Désiré.

"Ni kweli?"

"Kwenye karatasi ni dada yangu."

"Sikuuliza karatasi."

Désiré alitazama godoro.

"Ulinishika mkono kwenye boti," alisema Arnaud. "Nilikuambia tangu mke wangu afe sijatamani kurudi nyumbani mapema jioni hata siku moja, isipokuwa sasa. Ulinisikiliza hadi mwisho. Ukaniambia mlango uko wazi."

"Niliogopa."

"Nimeelewa kuogopa. Na kazi? Uliichukua kwa kuogopa pia?"

Antoinette alivuta mkoba wake.

"Mimi nilisema hotelini," alimwambia kaka yake. "Nilisema, ni kaka gani anampulizia dada yake chai ipoe, halafu akiona watu anaisukuma mbali kama sumu? Ulinijibu kwamba nina wivu."

Mzee Ciza alikuwa wa mwisho kusimama. Alimtazama Immaculée muda mrefu.

"Mama," alisema, akiacha kumwita binti, "mtoto alikuwa na jina?"

"Alikuwa na jina. Exaucé."

"Nani alimpa?"

"Baba yake. Alimpa jina hospitalini, sikioni, muuguzi alipotoka."

Mzee aliinamisha kichwa na kutoka. Walishuka ghorofa tisa wakisaidiana, chupa ikiwa mkononi mwa Arnaud, haijafunguliwa.

Désiré aliketi kwenye godoro.

"Imma, tulikuwa tumebakiza miezi mitatu tu."

"Wewe ulikuwa umebakiza neno moja."

"Ningelisema baada ya karatasi. Nakuapia."

"Najua ungelisema. Ungelisema nikiwa na miaka sitini, mlango umefungwa." Alianza kukusanya sahani. "Sikuchukii. Nimechoka kuwa mtu anayefichwa chini ya kitanda, kama hilo godoro."

Alienda chumbani. Kwenye droo alikuta kadi ya Bi Lin yenye utepe wa buluu. Aliitia kwenye begi pamoja na nguo na cheti cha mtoto.

Yaliyofuata ni haya.

Arnaud alimwachia Désiré kazi hadi mwisho wa mwezi, kisha akamwandikia barua fupi ya kumwachisha kazi. Kwa Immaculée alituma ujumbe mmoja tu: "Kisigino kikiuma tena, usipande ngazi peke yako." Hakujibiwa, na hakutuma mwingine.

Antoinette alimpatia Immaculée chumba kwa rafiki yake nyuma ya soko, na hakumwuliza lolote.

Mzee Ciza hakumsimulia mtu habari hiyo. Chupa aliichukua kwa Arnaud, akairudisha dukani.

Désiré alilala kwenye godoro la sebuleni usiku ule na kila usiku uliofuata. Kitandani hakurudi. Tarehe ya kuitwa ofisini ilipofika hakwenda.

Immaculée alikwenda ofisi ya wakimbizi kesho yake, Jumatatu asubuhi, akapanga foleni kwa saa tano, na dirishani akasema ukweli wote. Karani alimwonya kwamba faili litafungwa na kuchunguzwa upya, na hawezi kumwahidi kitu. Immaculée alisema ameelewa. Kisha alikwenda ofisi ya vyeti, akaomba fomu ya kusahihisha cheti cha marehemu mwanawe, na kwenye mstari wa baba akaandika jina la Désiré kwa herufi kubwa.