Kazi ya Mama Aidah

Kila jioni, baada ya kuchota maji na kuosha vyombo, Phiona aliruhusiwa kucheza kwepena, mchezo wa kukwepa mpira, mpaka mama yake arudi kutoka mpakani Busia, alikokuwa akiwauzia ndizi madereva wa malori. Phiona alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwepesi wa miguu na mwepesi wa ulimi pia.

Alhamisi hiyo alikuwa na kazi nyingine. Mwalimu Maloba, aliyewafundisha somo la dini, alikuwa amemwagiza kila mwanafunzi amtafute mwanamke wa dini au dhehebu lisilo lake, amuulize ana kazi gani katika ibada yao. Phiona alipangiwa Mama Aidah, jirani yao Mwislamu. Binti yake, Aidah, alikuwa rafiki wa Phiona, na walikaa dawati moja. Nyumba yenyewe ilikuwa palepale, ng'ambo ya ua. Lakini mchezo ulikuwa umepamba moto, na wenzake walikuwa wanamwita.

"Nikaulize nini?" alijisemea. "Kila Ijumaa napita mbele ya msikiti. Wanaoingia ni wanaume tu. Jibu ninalo."

Asubuhi yake darasani, mwenzao Agwang alikuwa wa kwanza kusimama. Shangazi yake alifanya kazi katika duka la Mhindu mjini Tororo, na Agwang alikuwa amezungumza na mama mwenye duka kwa simu.

"Alisema yeye ndiye anayewasha taa ya sala nyumbani," Agwang alieleza. "Mume wake hafungui duka kabla mama hajamaliza."

Brayo, Mkatoliki kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, alikuwa amemuuliza kasisi wa kike wa Kanisa la Anglikana. "Anabatiza na anazika! Kwetu padri ni mwanaume tu, kwa hivyo nilimuuliza mara mbili."

Ikafika zamu ya Phiona. "Nilimuuliza Mama Aidah jana jioni. Alisema kwao wanawake hawana kazi. Wanapika pilau tu, wanangoja wanaume watoke msikitini."

Darasa likacheka. Aidah hakucheka.

"Jana jioni? Ulimwona wapi? Mama alikwenda Osukuru msibani tangu mchana. Amerudi leo asubuhi."

"Aki Phiona!" Brayo akadakia. "Uliongea na mlango?"

Aidah alichukua mkoba wake akahamia dawati la nyuma. "Kama ungenidanganya mimi, ningekusamehe," alisema. "Lakini umefanya mama yangu achekwe."

Mwalimu Maloba hakumchapa Phiona wala kumfokea. "Jumatatu utasimama tena," alisema. "Uje na jibu la Mama Aidah. La Phiona tumeshalisikia."

Mchana huo Phiona alivuka ua, akapiga magoti mlangoni kusalimia, kama wasichana wa kwao wafanyavyo. Alikiri yote bila kuinua macho. Aidah alikuwa chumbani, hakutoka.

"Inuka, mwanangu," Mama Aidah alisema. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu. "Jana bibi mmoja alifariki huko Osukuru, na kwetu maziko hayakawii. Mwanamke huoshwa na wanawake wenzake. Mimi na wenzangu tulimwosha, tukamvisha sanda. Imamu mwenyewe alikaa nje akitungoja."

"Imamu akangoja?"

"Angeingia kufanya nini? Ile ni kazi yetu."

"Na msikitini hamwingii?"

"Tunaingia. Mlango wetu uko nyuma, wewe umetazama mbele tu. Lakini kuwaongoza wanaume katika sala, hapana, hilo silifanyi. Liseme nalo, usije ukanipamba." Akamtazama. "Na kwenu, nani anahubiri?"

"Pasta. Na wazee wa kanisa. Wote ni wanaume."

"Na mama yako ana kazi gani?"

Phiona alijua kwamba kila Jumamosi mama yake hujifunga kitambaa cheupe na kwenda kanisani. Hakujua anakwenda kufanya nini. "Sijawahi kumuuliza," alisema.

Mama Aidah akacheka kwa mara ya kwanza. "Basi una kazi mbili."

Jumatatu Phiona alisimama mbele ya darasa. Alianza kwa kusema kwamba alidanganya. Kisha akaeleza habari za bibi wa Osukuru, imamu aliyengoja nje, mlango wa nyuma, na sala ambayo Mama Aidah haongozi. Mwisho akasema kwamba mama yake mwenyewe huwatembelea wagonjwa na kuwaombea, na kwamba yeye, mtoto wake, amelijua hilo juzi tu.

Hakuna aliyecheka. Aidah aliinua mkono.

"Ameacha jambo moja, Mwalimu. Mama hufundisha watoto Kurani. Lakini hayo mengine amesema sawa." Akasogea pembeni, akamwachia Phiona nafasi ya kukaa.

"Mmesikia," Mwalimu Maloba alisema. "Dini ya mwenzako hujifunzi kwa kuchungulia ukiwa barabarani. Muulize aliyemo ndani, kisha useme alichokuambia, usiongeze wala usipunguze. Na mtu wa nyumbani kwako usidhani unamjua kwa kuwa tu anakupikia."